Elimu ya Mkono na Elimu ya Jicho

Kijana akiwaarifu wazee wake kwamba amekubaliwa chuo kikuu kusomea uzamili wa sheria au wa tiba, hupewa mkono wa pongezi na dua ikasomwa. Lakini akiwaarifu kwamba anakwenda kusomea uzamili wa uchoraji, au, jambo lililo geni zaidi masikioni mwao, wa historia ya sanaa, aghalabu hukabiliwa na kimya, kisha na swali ambalo si la dharau bali la mshangao: mtu ambaye tayari ajua kuchora, na ameshatunukiwa shahada ya kwanza ya kuchora, amebakiwa na nini cha kufundishwa? Swali hilo ni la haki na lastahili jawabu lisilo la pupa, kwa kuwa hata ndani ya vyuo vyenyewe halijamalizika kujadiliwa, na wanachuoni wenye majina makubwa wamelitolea majibu yanayopingana.

Yafaa kwanza kutenganisha mambo mawili ambayo watu wengi huyahesabu kuwa kitu kimoja. Liko somo la kutenda sanaa, yaani kuchora, kuchonga, kufinyanga, kuchapa picha na mengineyo ya jinsi hiyo. Na liko somo la historia ya sanaa, ambalo mwanafunzi wake huenda asishike brashi maisha yake yote, maadamu kazi yake ni kukitazama kilichokwisha kutendwa na kuuliza ni nani aliyekitenda, lini, kwa nini, kwa mali ya nani, na kwa nini kina sura ile badala ya nyingine. La kwanza na tuliite elimu ya mkono, na la pili elimu ya jicho. Zamani zilikuwa elimu moja. Giorgio Vasari, aliyetoa mwaka 1550 kitabu cha maisha ya wachoraji, wachongaji na wajenzi wa Italia, ambacho hata leo mwanafunzi wa historia ya sanaa hana budi kukipitia, alikuwa mwenyewe mchoraji na mjenzi. Na Johann Dominicus Fiorillo, ambaye chuo kikuu cha Göttingen huko Ujerumani kilimpa kiti cha profesa mwaka 1813, naye alianza kwa kufundisha kuchora. Ni baadaye tu, pale Berlin ilipompa Gustav Waagen uprofesa wa historia ya sanaa mwaka 1844, na vyuo vingine vya Wajerumani vikafuata nyayo, ndipo jicho lilipojipatia nyumba yake na kuuacha mkono karakanani.

Tangu hapo jicho lilianza kujigamba kwamba lina ilimu yake yenye kanuni, na mfano wake ulio mashuhuri ni wa Mtaliano Giovanni Morelli, aliyesomea utabibu kabla ya kuingia katika mambo ya picha. Alisema hivi: mchoraji anapochora uso au mkao wa mwili hujitahidi, hujipamba, na huenda akamwiga mwalimu wake, hivyo uso si shahidi wa kutegemewa, lakini anapofika kwenye ndewe ya sikio au kwenye ukucha wa kidole cha mwisho, akili yake huwa imepumzika, na mkono hufanya kama ulivyozoea. Basi Morelli akazunguka katika majumba ya picha akitazama masikio na kucha, na mwaka 1880 akatoa kitabu kwa Kijerumani, tena kwa jina la bandia, akidai kwamba picha nyingi za kutukuzwa zilikuwa zimeandikwa majina yasiyo yake. Huko Dresden palikuwa na picha ya mwanamke aliyelala nje, ambayo orodha ya jumba iliiita nakala tu iliyofanywa na mchoraji wa baadaye. Morelli akasema kuwa hii ni kazi ya mkono wa mchoraji Giorgione mwenyewe, na tangu siku hizo wengi wamekubaliana naye. Inachekesha kidogo kwamba heshima ya jumba zima iliweza kutegemea sikio, walakini mwanafunzi wa leo wa uzamili bado huanza hivyo hivyo: huambiwa atazame kwa saa nzima jambo ambalo mpita njia hulitazama kwa nukta moja, kisha aandike alichokiona kabla ya kuandika anachokifikiri.

Huambiwa pia, na hili wasomaji wengi hawalijui, aigeuze picha. Mgongo wa picha una maneno mengi kuliko uso wake: una karatasi zilizobandikwa na wenye maonyesho, namba za chaki za minada, mhuri wa forodha, misumari ya aina ambayo ilikuwa haijatengenezwa katika karne inayodaiwa, na nyuzi za turubai ambazo huhesabiwa. Mwenye kudai kwamba picha ilikuwa nyumbani kwa fulani mwaka fulani huambiwa atoe karatasi. Na akikosa karatasi, aseme wazi kwamba amekosa.

London ni mji ambamo nyumba hizi mbili zilijengwa karibu karibu, na kwa kuwa mji huo una uhusiano wa kweli na sanaa yetu ya Afrika Mashariki, acha tukae humo kidogo. Shule ya Slade ilifunguliwa mwaka 1871 ndani ya University College kwa mali aliyoiacha kwa wasia Felix Slade, mpenzi wa vitu vya sanaa, nayo ikapata sifa kwa kumlazimisha mwanafunzi achore mwili wa mtu hai aliyekaa mbele yake, siku nenda siku rudi, mpaka mkono utii. Taasisi ya Courtauld ilianzishwa mwaka 1932, ikawa ya kwanza katika Uingereza kufundisha historia ya sanaa kama shahada kamili inayojitegemea. Mwaka uliofuata, Wanazi walipokamata dola, maktaba ya mwanahistoria wa sanaa Aby Warburg ilisafirishwa kutoka Hamburg kwa meli ikakimbilia London, na pamoja nayo wanachuoni wa Kiyahudi waliobeba vichwani mwao karne nzima ya taaluma ya Kijerumani. Mmoja wa wahajiri hao, Rudolf Wittkower, alikuwa profesa wa historia ya sanaa pale University College katika miaka ya 1949 hadi 1956, ndipo ikawa kwamba mwanafunzi wa Slade aliyetoka kuchora asubuhi aliweza kumsikiliza mmoja wa mabingwa wa jicho katika chuo kile kile.

Miongoni mwa waliokuwapo Slade wakati huo ni Sam Joseph Ntiro, Mchaga wa Machame, aliyezaliwa mwaka 1923. Njia iliyomfikisha huko ina mzunguko wake wa ajabu. Margaret Trowell, mke wa daktari wa Kiingereza, naye mwenyewe mwanafunzi wa zamani wa Slade, alianza mwaka 1937 kufundisha kuchora katika baraza ya nyumba yake mjini Kampala. Darasa la barazani likakua likawa shule ya sanaa ya Makerere, ambayo hata leo ina jina lake. Mama huyu hakupenda kuwapa wanafunzi wake kanuni za kizungu za kuchora. Alipenda kuwasimulia tukio, soko au safari au kisa cha dini, kisha kuwaacha wachore walichokiona akilini. Hapo ndipo alipotoka Gregory Maloba, Mkenya, aliyesimamisha sanamu ya uhuru wa Uganda katikati ya Kampala mwaka 1962, na hapo ndipo Ntiro alipoingia mwaka 1944, akasoma, akafundisha, kisha akaenda Slade kuanzia 1952 hadi 1955.

Sasa mtazame Ntiro baada ya Slade, kwa maana jawabu la swali la wazee limo humo. Mtu angetazamia kwamba miaka ile ya kukodolea macho mwili wa mtu ingemgeuza awe mchoraji wa miili. Haikuwa hivyo. Aliendelea kuchora wanakijiji wa mlimani, wadogo wadogo, wengi kwa pamoja, kila mmoja akiwa na shughuli yake katikati ya migomba na vilima, pasipo mtu mmoja kuwa mkubwa wa picha. Mwaka 1956 alichora wanaume wanaopeleka pombe ya ndizi kwa bibi arusi usiku, na picha hiyo ikanunuliwa mwaka 1960 na jumba la sanaa za kisasa la New York, mwaka mmoja kabla ya Tanganyika kupata uhuru na yeye mwenyewe kurudi London, safari hii akiwa balozi. Wako waliosema kwamba Slade haikumfundisha kitu. Mimi sisadiki. Mtu anayeikataa njia asiyoijua ameikwepa tu, ilhali anayeikataa baada ya kuifuata hatua kwa hatua amefanya uamuzi. Na kumpa msanii nafasi na muda wa kufanya uamuzi wa namna hiyo ndiyo kazi kubwa ya masomo ya juu ya sanaa, pengine ndiyo peke yake.

Karibu nusu karne baadaye, Michael Armitage, mzaliwa wa Nairobi wa mwaka 1984, alipita njia ile ile ya Slade, kisha akaendelea na mafunzo ya juu katika shule za Royal Academy, ambazo hutoa masomo ya miaka mitatu bila ya kutoza ada. Yeye aliacha turubai akachukua mbugu, yaani nguo ya gome la mutuba inayopondwapondwa na Waganda, ambayo haikosi matundu, makunyanzi na mishono; badala ya kuificha dosari hiyo huiacha ionekane, tundu likawa katikati ya shingo ya mtu au mshono ukakata mbingu. Mwaka 2020 alianzisha Nairobi taasisi ya sanaa ya kisasa, yenye maonyesho na maktaba.

Haya, na mafunzo yenyewe huendeshwaje? Katika sanaa ya kutenda, mwanafunzi wa uzamili hupewa chumba, au pembe ya chumba, na kuachwa afanye kazi. Mihadhara ni michache. Kipimo chake ni kikao cha kukosoana. Kazi zake hutundikwa ukutani, wenzake na walimu hukusanyika, naye aghalabu hutakiwa anyamaze kwanza. Mmoja husema anachokiona. Wa pili humpinga. Mwalimu huuliza kwa nini turubai ina ukubwa huu na si ule, kwa nini rangi ya mafuta na si ya maji, kwa nini pembe ya kushoto imeachwa tupu, je, ni kwa makusudi au ni uchovu? Wengine hutoka humo wakilia. Mwishoni hufanyika maonyesho, na pamoja nayo huwasilishwa andiko linaloeleza kazi imetoka wapi na inajibizana na kazi za nani. Huko Marekani shahada hiyo huchukua miaka miwili au mitatu, na mwaka 1977 jumuiya ya wasanii na wanahistoria wa sanaa wa vyuo vya nchi hiyo ilitamka kwamba hiyo ndiyo shahada ya mwisho kwa msanii, hana haja ya udaktari ndipo afundishe chuo kikuu.

Uingereza ilishika njia nyingine. Huko msanii aweza kupata udaktari wa falsafa kwa kazi zake pamoja na tasnifu iliyo fupi kuliko ile ya mwanahistoria, aghalabu kiasi cha nusu yake. Katika nchi zetu jambo hili lina uchungu wa pekee, kwa kuwa mamlaka zinazosimamia vyuo vikuu zimezidi kudai kwamba kila mhadhiri awe na udaktari, na kanuni iliyotungwa kwa ajili ya mwalimu wa kemia humwangukia mchongaji pia. Hapo utamkuta mtu ambaye mkono wake wajulikana mpaka ng'ambo, amekaa mbele ya tarakilishi akitafuta nadharia ya kuegemea ili aeleze kwa maneno jambo ambalo gogo lake limekwisha kulieleza. Wanaotetea kanuni husema kwamba asiyeweza kueleza hawezi kufundisha. Wana ukweli wao. Lakini tasnifu nyingi za namna hii nilizozisoma zilikuwa dhaifu pale mwandishi alipojitahidi kuwa mwanafalsafa, na zenye nguvu pale aliposimulia jinsi udongo ulivyopasuka tanuuni na alivyobadili mchanganyiko wake.

Na pasidhaniwe kwamba shahada humfanya mtu awe msanii. Edward Saidi Tingatinga wa Tunduru, aliyefariki mwaka 1972, alichora wanyama wake kwa rangi za kupakia baiskeli juu ya mbao, pasipo kumwamkia profesa yeyote, na jina lake likawa jina la mtindo mzima. Ila tukitafuta vitabu juu yake, tutaona kwamba vingi viliandikwa na wageni. Na hapa twafika kwenye upungufu unaonishughulisha kuliko wote. Mikono tumefundisha tangu baraza ile ya mwaka 1937. Macho tumefundisha kidogo mno. Anayetaka udaktari wa historia ya sanaa ya Afrika bado hujikuta anaelekezwa London au Marekani, ambako Roy Sieber alipata mwaka 1957 udaktari wa kwanza wa nchi hiyo katika sanaa ya Kiafrika, kisha akalea wanafunzi wengi katika chuo kikuu cha Indiana.

Tuchukue mlango mmoja wa nakshi wa Unguja tuone kazi yenyewe ilivyo. Mwanafunzi husimama mbele yake akitaja viungo: miimo miwili ya kando, kizingiti cha juu, mbao mbili za kufungua, na mfaa uliosimama katikati kuufunika mpenyo wao. Atapima. Atatazama kama sehemu ya juu ni bapa au ina tao la duara, kwa kuwa tao hilo huonyesha mkono wa mafundi wa Kihindi na ladha iliyoenea zaidi zama za Sayyid Barghash, aliyetawala tangu 1870 hadi 1888. Kisha atafika kwenye maandishi ya Kiarabu yaliyochongwa juu, na hapo ndipo mtihani. Tuseme pameandikwa mwaka 1300 wa Hijra. Mwaka huo ulianza Novemba 1882 ukaisha mwanzo wa Novemba 1883. Basi anayeandika 1882 pasipo kusoma mwezi amekisia, wala hakusoma. Tena mwaka ule ni wa mlango, au ni wa nyumba? Na mlango huu ulizaliwa hapa, au uling'olewa nyumba nyingine ukauzwa, kama ilivyotokea kwa milango mingi? Waongozaji wa watalii watamwambia kwamba samaki ni uzazi, mnyororo ni usalama, na mtende ni neema. Naye hana ruhusa ya kuyaandika hayo mpaka aulize yametoka kinywani mwa nani, na kama fundi aliyechonga aliwahi kuyasema, au yamekuja nyuma yake kwa ajili ya wageni wapendao kila ua liwe na maana.

Kwa kazi hiyo panahitajika Kiarabu, panahitajika Kiswahili kilichoandikwa kwa hati za Kiarabu, na kwa milango ya Kihindi Kigujarati kingefaa. Vyuo vya Marekani kwa desturi humtahini mwanafunzi wa udaktari katika lugha za kusomea, na kwa miaka mingi lugha hizo zilikuwa Kijerumani na Kifaransa, ambazo ni za lazima kwa mwenye kumsoma Waagen lakini hazifungui kizingiti hata kimoja cha Mji Mkongwe. Kwa upande wa pili, kijana wa Lamu au wa Pemba aliyepita chuoni kwa maalimu, akasoma msahafu na kuzoea hati, tayari anao ufunguo ambao mgeni huutafuta kwa miaka mitatu, minne. Tatizo ni kwamba hakuna aliyemwambia kuwa ni ufunguo, na fomu ya maombi haikumuuliza.

Mali ya kusomwa ipo, tena si haba. Lamu kuna siwa mbili, ya pembe ya ndovu iliyotoka Pate na ya shaba ya Lamu yenyewe, zenye kupulizwa ubavuni, ambazo haikukamilika harusi ya mwungwana bila ya sauti yake. James de Vere Allen, aliyekuwa mtunzaji wa makumbusho ya Lamu, aliziandikia utafiti katika miaka ya 1970, na tangu hapo maswali juu ya mafundi wake hayajapungua. Kuna misahafu ya Siyu iliyopambwa kwa wino mweusi, mwekundu na wa manjano. Kuna nguzo za makaburi ya Kunduchi zilizotiwa sahani za Kichina. Kuna nyaraka za Kilimani, Unguja, na mkusanyo wa miswada aliouacha J. W. T. Allen katika maktaba ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Maonyesho makubwa ya sanaa za Waswahili, yaliyoandaliwa na Prita Meier na Allyson Purpura yakafunguliwa mwaka 2017, yalikuwa na vitu vilivyoazimwa kutoka makumbusho ya Kenya. Yalizunguka miji mitatu, yote mitatu ya Marekani.

Kwa mwenye nia, maombi ya kutenda sanaa hudai picha za kazi zake zilizopangwa vizuri, na maombi ya historia hudai insha moja aliyoiandika kwa bidii. Makerere hutoa uzamili na udaktari, na kwa ng'ambo ziko fedha za Jumuiya ya Madola, za Fulbright za Marekani na za DAAD ya Ujerumani, ambazo hazimchagui mwenye sanaa mara nyingi lakini hazimkatai. Ajira si tele: makumbusho, ualimu, nyumba za mnada, na matengenezo ya majengo ya kale, ambayo tangu sehemu ya jumba la Beit al-Ajaib la Unguja iporomoke mwezi Desemba 2020 hayana haja ya kutetewa.

Na tasnifu ikishaandikwa, huja siku ya mwandishi wake kuitetea mbele ya watahini. Kanuni ya vyuo ni kwamba mtahini awe na shahada isiyopungua ile anayoitahini. Kwa hiyo kama tasnifu ni ya milango ya pwani, huenda mezani wakaketi watu watatu ambao hapana hata mmoja aliyeshika patasi, ilhali fundi wa Lamu ambaye kwa kupitisha kidole juu ya nakshi hukuambia hii ni patasi ya Siyu na hii ya Unguja, na kwa nini mchongaji aligeuza mkono pale mti ulipokuwa na fundo, hawezi kuketi pamoja nao. Jina lake hutajwa mwishoni, katika orodha ya waliohojiwa.